Mvuvi, Wavu na Mizani

Viongozi wa vikundi, hakikisheni kwanza ya kuwa kila mtu ameketi mahali anaposikia vizuri, na ya kuwa mwandishi wa kikundi ana daftari na kalamu, maana leo tutafanya hesabu. Mwenye rula, au utepe wa fundi cherehani, auweke karibu.

Somo letu la leo lahusu wavuvi. Najua wengine mtashangaa. Watu wakiutaja Mkoa wa Singida hutaja alizeti, vitunguu, asali, na kuku wetu ambao husafirishwa mpaka Dar es Salaam. Uvuvi husemwa kuwa ni kazi ya watu wa Mwanza, Kigoma na pwani. Lakini mtu akiingia mjini Singida huona maji pande mbili, Singidani na Kindai, nayo ni maziwa yenye chumvi ambayo heroe huyapenda. Na ukienda Kiomboi, kisha ukateremka kutoka nyanda za juu za Iramba kuelekea magharibi, utafika bondeni kwenye Ziwa Kitangiri. Huko, katika vijiji kama Tulya na Doromoni, wako watu wanaoishi kwa wavu kama vile wewe unavyoishi kwa jembe. Wanyiramba wako, Wasukuma wako, na wengine wametoka mbali zaidi na kujenga vibanda vya nyasi kwenye mialo. Wengine humaliza msimu wa samaki wakapanda kwenda machimbo ya dhahabu ya Sekenke, kisha hurudi tena majini dhahabu ikiwakataa. Basi wavuvi tunao, na kama hukai ziwani, samaki wao wamo sokoni kwako.

Tuanze na ziwa lenyewe. Kitangiri si ziwa refu kwenda chini. Ni kama sinia pana lililotiwa maji. Maji yake huletwa hasa na mto Wembere, ambao hupokea pia maji ya mto Manonga, na yakizidi hutoka kwa mto Sibiti kwenda Ziwa Eyasi. Hapo safari yao huishia. Hayaendi baharini kabisa. Maji ya bonde letu hayana mlango wa kutokea ila jua, ambalo huyapandisha juu yakawa mvuke na kuacha chumvi na magadi nyuma. Ndiyo sababu mwaka wa mvua nyingi, kama ule wa El Nino wa 1997 na 1998, maziwa ya namna hii hujaa na samaki huwa tele, na mwaka wa ukame hurudi nyuma mpaka mtu anatembea kwa miguu pale alipokuwa akipiga kasia.

Mkulima wa Singida analijua jambo hili barabara, kwa kuwa mvua yetu ni ya msimu mmoja tu, tangu Novemba mpaka Aprili, nayo si nyingi. Lakini mkulima akikosa mavuno huona shamba limekauka mbele ya macho yake. Mvuvi haoni. Maji yakipungua samaki hukusanyika mahali padogo, na kwa muda hupatikana kwa wingi kuliko siku zote. Mvuvi hufurahi, hununua wavu wa pili, huwaita nduguze waje. Kumbe anakula mbegu. Kwa maoni yangu hii ndiyo hatari kubwa kuliko zote nitakazozitaja leo, kwa sababu huja na sura ya neema.

Samaki wetu wakubwa wa biashara ni wawili, perege na kambale. Mjue tabia zao, maana mtu hawezi kumtunza asiyemjua. Perege dume huchimba kitundu kama bakuli kwenye maji mafupi karibu na ufuko. Jike hutaga humo, kisha huyachukua mayai kinywani mwake, na hukaa nayo humo mpaka yaanguliwe. Hata vifaranga wakiisha kutoka hukimbilia kinywani mwa mama wakiona adui. Wavuvi wengi wamepata kuona jike akivuliwa anatema vifaranga ndani ya mtumbwi. Siku zote hizo za kulea, huyo mama hali vizuri. Basi lile kokoro linalokokotwa kutoka majini mpaka ufukoni hupita juu ya vitundu vyote, hubomoa, na hubeba mama na watoto pamoja. Kokoro halichagui.

Kambale naye ana njia yake. Yeye aweza kuvuta hewa ya juu, na ndiyo maana huishi kwenye matope ambamo samaki wengine wamekwisha kufa. Mvua za kwanza zikinyesha na mito kufurika, huiacha kina na kupanda kwenye majani yaliyofunikwa na maji, huko akataga. Kila mtoto wa Wembere anajua siku hizo, kwa kuwa kambale hukamatwa kwa migono, kwa mikuki, hata kwa mikono mitupu. Ni siku za shibe. Lakini tumbo la kambale wa siku hizo limejaa mayai, na anayeziba mlango wa mto kwa mgono anaziba mlango wa mwaka ujao.

Niongeze jambo moja. Katika maziwa machache ya magadi ya Tanzania, kama Manyara, Eyasi na Kitangiri, yumo perege wa aina ya pekee ambaye hapatikani penginepo duniani, na wataalamu wa viumbe wamemwandika katika orodha ya walio hatarini kupotea. Mzee mmoja aliposikia hayo aliniambia, "Mwanangu, sisi tunamla tu." Ndiyo, baba, tumle, lakini tusimmalize.

Sasa chukueni wavu, kama mnao. Kama hamna, chukueni hata mfuko wa nyuzi wa vitunguu. Shikeni tundu moja kwa fundo mbili zinazoelekeana, mlivute mpaka lifumbike kabisa. Pimeni kwa rula kutoka fundo hadi fundo. Hicho ndicho kipimo cha tundu la wavu kinachotajwa katika kanuni. Watu wengi hupima tundu likiwa wazi, upande mmoja tu, wakapata nusu, kisha hugombana bure na afisa uvuvi. Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 na Kanuni zake za mwaka 2009 hukataza sumu, baruti, makokoro, na nyavu za uzi mmoja wa plastiki. Uzi huo ukikatika na kubaki majini hauozi. Huendelea kuua samaki ambao hakuna atakayewala. Sheria hiyo pia yaruhusu wananchi wa mwalo kuwa na kikundi chao cha kusimamia uvuvi, ambacho wengi wenu mnakiita BMU. Nimeona vikundi vinavyofanya kazi na nimeona vingine ambavyo ni muhuri na mkeka tu.

Hapa pana swali gumu, na sitaki kulipita kwa haraka.

Siku moja niliulizwa darasani, kando ya ziwa, na kijana wa miaka isiyozidi 25. Nilikuwa nimekwisha kueleza habari za kupumzisha ziwa. Nikasema ya kuwa Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi 3, tangu tarehe 15 Mei mpaka tarehe 15 Agosti 2024, kwa makubaliano na nchi zinazolizunguka ziwa hilo, ili samaki wazaane. Yule kijana akasimama kwa adabu, akasema, "Mwalimu, nimekusikia. Mimi nina watoto wawili na sina shamba. Shamba la baba lilikwenda kwa kaka yangu. Ziwa likifungwa miezi mitatu, utanipa wewe unga?"

Darasa lilinyamaza likinitazama. Ningeweza kumjibu kwa maneno ya kitabu, lakini ukweli ni kwamba unga sikuwa nao. Nikamjibu hivi: swali lako si hoja ya kuzuia ziwa lisifungwe, ila ni hoja ya kupanga kwanza kabla ya kufunga. Mwenye shamba hupumzika kiangazi kwa sababu ana ghala. Mvuvi hana ghala, kwa kuwa samaki huoza. Ghala lake ni fedha iliyowekwa, na fedha hiyo haiwezi kuwekwa wakati ziwa limekwisha kufungwa. Huwekwa miezi tisa kabla, kidogo kidogo, katika hisa za kikundi. Tena miezi ya kufunga ichaguliwe na wavuvi wenyewe pamoja na afisa uvuvi, ikutane na kazi za shamba, ili asiye na shamba apate kibarua cha palizi au cha kuvuna alizeti. Na pengine si lazima kufunga ziwa zima. Yawezekana kufunga maji mafupi ya mazalio na midomo ya mito, na kuacha kina kirefu kwa nyavu halali. Mzee mmoja akasema kuwa hapo ndipo penye maneno. Kijana hakuridhika sana, akaketi. Mimi nami sikuridhika sana. Lakini tangu siku ile sizungumzi habari ya kufunga ziwa bila ya kuanza na unga.

Tuje kwenye fedha, kwa kuwa mvuvi aghalabu haibiwi na mawimbi. Huibiwa nchi kavu.

Katika mwalo mmoja, ambao sitautaja, tulikuwa na darasa la kisomo la watu 17, wanaume 9 na wanawake 8. Tulifika somo la vipimo. Nikawaeleza ya kuwa lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo dumu la lita 5 likijazwa maji lina kilo 5, na uzito kidogo wa dumu lenyewe. Mama mmoja, mchuuzi, akauliza, "Mizani yote itasema hivyo?" Nikasema, mizani yote iliyo sawa itasema hivyo. Akaondoka bila kusema neno, akarudi na mizani ya kuning'iniza, ya mnunuzi mmoja aliyekuwa akija na gari kila juma, naye huiacha hapo kwa jirani. Tukalitundika lile dumu. Mshale ukasimama kwenye 4.

Tukapima mara ya pili, na mara ya tatu, kwa dumu jingine. Ikasema 4 ileile.

Sasa fanyeni hesabu pamoja nami. Kama kilo 5 za kweli husomeka 4, basi kilo 10 husomeka 8. Mvuvi aliyeleta kilo 10 amelipwa kilo 8. Tuseme, kwa mfano tu, kilo moja ni shilingi 4,000. Amepoteza shilingi 8,000 kwa siku hiyo moja. Akivua siku 20 kwa mwezi, amepoteza shilingi 160,000. Mzee aliyekuwa ameketi mbele, ambaye alijifunza kuandika jina lake mwaka uleule, alifuata hesabu ubaoni mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, ni miaka mingapi?" Hakuna aliyeweza kumjibu, maana hakuna aliyejua mizani ile iliharibika lini, au iliharibiwa lini.

Napenda kuwaambieni na yaliyofuata, ingawa hayanipi sifa. Niliwashauri wapeleke habari kwa Wakala wa Vipimo, ambao kazi yao ni kukagua mizani na kuipiga chapa. Habari zikamfikia mnunuzi kabla ya mkaguzi. Juma lililofuata gari halikuja. Samaki wa siku mbili wakaoza, na wale waliokuwa na chumvi kidogo wakaokoa wachache. Watu wakanisema, tena mbele yangu: elimu yako imetuharibia soko. Walikuwa na haki ya kusema hivyo. Nilikuwa nimewafundisha kuona wizi, sikuwafundisha nini cha kufanya kesho yake. Juma la tatu wakakusanya fedha, wakanunua mizani yao wenyewe yenye chapa, wakaitundika kwenye mti wa mwalo. Akaja mnunuzi mwingine na akapima juu yake. Yule wa kwanza naye akarudi baadaye. Sasa ashikaye ufunguo wa sanduku la mizani ni yule mama mchuuzi.

Hesabu ya pili ni ya deni, nayo ni ngumu kuliko ya mizani kwa kuwa hapa hakuna aliyevunja sheria. Mvuvi hana wavu. Tajiri humpa wavu wa shilingi 120,000 kwa mkopo bila riba. Mvuvi hushukuru, na jirani humsifu tajiri kwa huruma yake. Sharti ni moja tu, kwamba samaki wote auziwe yeye mpaka deni liishe, tena kwa bei yake. Tuseme bei ya mwaloni ni shilingi 4,500 kwa kilo, na bei ya tajiri ni shilingi 3,000. Kila kilo mvuvi huacha shilingi 1,500. Akivua kilo 10 huacha shilingi 15,000 kwa siku. Kwa siku 20 ni shilingi 300,000. Andikeni hapo: 300,000. Sasa niulize, deni limepungua kiasi gani? Halikupungua hata senti. Zile laki tatu si malipo ya deni, ni bei ya urafiki. Deni bado ni 120,000, na wavu umeanza kutoboka.

Simwiti tajiri mwizi. Yeye naye ametoa fedha mahali ambapo benki haifiki, na mvuvi akizama amepoteza. Lakini mkopo usio na riba waweza kuwa ghali kuliko wenye riba, na mtu hatajua kama hakuandika. Ndiyo sababu twasisitiza daftari. Kila siku mvuvi aandike mambo manne: kilo ngapi, kwa bei gani, kapewa nani, na deni limebaki kiasi gani. Mistari minne yatosha. Asiyejua kuandika amwambie mtoto wake aandike jioni. Nako ndiko kusoma kwa mtoto.

Ziko njia nyingine za kupata wavu. Watu 10 wakiweka shilingi 1,000 kila siku ya kazi, kwa siku 12 wamepata shilingi 120,000, yaani wavu mmoja. Baada ya siku 120 za kazi kila mmoja amepata wake. Hesabu ni nyepesi, shida ni kuaminiana. Aidha, halmashauri za wilaya hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Muulizeni afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu. Kikundi kisicho na kumbukumbu za mikutano hakitaweza kujaza fomu, kwa hiyo tunarudi palepale kwenye daftari.

Sasa neno kwa mama zangu, na baba pia msikilize. Katika mialo mingi wanaume ndio wanaovua na wanawake ndio wanaokausha na kuuza. Samaki wakiwa wachache, na wanunuzi wengi, mvuvi huchagua nani ampe. Hapo hutokea jambo ambalo ni la aibu kulisema redioni, walakini kulificha ni aibu kubwa zaidi: mwanamke hutakiwa atoe mwili wake ili apewe samaki wa kuuza. Upande wa Kenya wa Ziwa Victoria desturi hii ina jina lake, huitwa jaboya. Inajulikana ya kuwa katika jumuiya za wavuvi maambukizo ya virusi vya UKIMWI ni makubwa kuliko kwa watu wengine wa nchi, na desturi hii ni sababu mojawapo, pamoja na kuhamahama na fedha ya leo kuliwa leo.

Huko Kenya, kwenye ufuko wa Nduru katika eneo la Nyakach, tangu mwaka 2011 kikundi cha wanawake kilipata mitumbwi yao wenyewe kwa msaada, wakaajiri wanaume wa kuvua. Mambo yakageuka: sasa mwenye samaki ni mama. Haikuwa kazi rahisi. Mitumbwi mingine ilichakaa, na ziwa lilipofurika mwaka 2020 mafuriko yaliufunika ufuko na kuwaondoa watu makwao. Nawaeleza yote, mazuri na mabaya, ili msidhani ya kuwa mtumbwi ni dawa ya kila kitu. Lakini walionyesha ya kuwa ile si amri ya Mungu wala ya ziwa. Ni suala la nani anamiliki chombo. Na aliyekwisha kuambukizwa, ajue ya kuwa dawa za kufubaza virusi hutolewa bure katika vituo vya afya, na mtu azitumiaye sawasawa huishi na kufanya kazi yake.

Habari za kichocho nitazieleza kwa ufupi. Wazee mnakumbuka mafunzo ya redio ya Mtu ni Afya, mwaka 1973. Watu kama milioni mbili nchini walikusanyika katika vikundi kama hivi vyenu, wakasikiliza, kisha wakachimba vyoo. Kichocho kilikuwa mojawapo ya masomo yale, na konokono wa majini wanaokieneza hawajahama. Mtu mwenye ugonjwa akikojoa au kujisaidia majini, mayai huanguliwa majini na vijidudu vyake huingia kwa konokono, na kutoka kwa konokono vijidudu humwingia mwingine kwa ngozi, anapooga au kuvua. Mtoto akikojoa damu msimwambie ndio kukua. Mpelekeni zahanati, iko dawa ya kumeza. Na kambi ya wavuvi, hata ikiwa ya mwezi mmoja, iwe na choo. Neno "tutahama kesho" limewaua wengi.

Juu ya hatari za majini, niwaambie kisa changu, mcheke mkipenda. Mimi nilizaliwa mbali na maji na sijui kuogelea. Mara ya kwanza kupanda mtumbwi, nilikwenda kuona nyavu zikitegwa, asubuhi, maji yakiwa kama kioo. Kabla ya saa sita upepo ukainuka, na ziwa fupi lina ubaya wake: mawimbi yake si makubwa, lakini yamekaribiana, hayampi mtu nafasi ya kupumua baina ya moja na jingine. Tulikuwa wanne na kopo moja la kutolea maji. Hakuna aliyekuwa na koti la kuelea. Nilitoa maji kwa kopo mpaka mikono ikafa ganzi, huku yule nahodha, kijana mdogo, akiniambia kwa upole, "Mwalimu, usisimame tu." Tulifika. Siku hizi sipandi bila madumu mawili matupu yaliyofungwa vizuri vifuniko, kwa kuwa hata dumu tupu la lita 20 laweza kumweka mtu juu ya maji, kama akilikumbatia na asiliachie. Koti la kuelea ni bora zaidi. Lakini dumu mnalo nyumbani. Nanyi mnaotega karibu na matete yenye viboko mnajua saa zao kuliko mimi. Msiwapite katikati yao na kina cha maji.

Limebaki la watoto. Ada imeondolewa katika shule za msingi na sekondari za serikali, lakini mtoto wa mwalo hupotea shuleni kwa sababu nyingine. Akiwa na miaka 11 hupewa samaki watatu kwa kusaidia kukunja nyavu, huwauza, na jioni ana fedha mfukoni kuliko mwalimu wake, au ndivyo anavyodhani. Sisemi mtoto asijue kazi ya baba yake. Ajifunze Jumamosi. Kwa waliokwisha kuacha, upo mpango wa MEMKWA wa kuwarudisha, na mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu ataweza kueleza. Katika darasa lile la mizani, mvuvi mmoja alimwondoa mwanawe mwaloni mwezi uleule. Nilipomuuliza sababu akasema anataka mtu wa kumsomea mshale.

Muda wetu wakaribia kwisha. Vikundi vyote vibaki vikijadili mambo haya. Kwanza, katika kijiji chenu, ni miezi gani mtu asiye na shamba aweza kupata kazi nyingine, na je, miezi hiyo yakutana na siku za samaki kutaga? Pili, pimeni mizani moja inayotumika sokoni kwenu kwa dumu la maji, muandike ilivyosema. Msimgombeze mwenye mizani. Andikeni kwanza, na mpange mtauza kwa nani juma lifuatalo kabla hamjasema neno. Tatu, vijiji vinavyolima kando ya Wembere na mito midogo iingiayo ziwani: pimeni hatua kutoka ukingo wa mto hadi shamba la kwanza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yataka mita 60. Udongo wa shamba lililo ukingoni huishia kwenye lile sinia nililolitaja mwanzo, na kila mvua inalipunguza kina. Majibu yaandikwe na kukabidhiwa kwa afisa elimu kata.

Juma lijalo, saa kama hii, tutazungumza juu ya kukausha samaki kwa chanja na kwa tanuri la moshi, na namna ya kutumia kuni chache. Atakayetusaidia kueleza ni mama mmoja wa Tulya ambaye ameifanya kazi hiyo tangu ujana wake, na mimi nitakuwa mwanafunzi pamoja nanyi. Aliyeazima rula ya mwenziwe amrudishie. Kwaherini.